UZI: Kaskazi imeingia. Kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) mmepanda nini, na jikoni mnapika nini joto hili?

MwanaLangoni (Lamu), Jumamosi 10 Januari 2026

Assalamu alaykum wanajukwaa, na masalkheri kwa wote.

Naandika nikiwa juu ya paa, jua linashuka nyuma ya minazi ya mashamba, ndoo ya maji iko mguuni. Sakafu bado ina moto wa mchana; ukivua ndara unaruka. Kaskazi imeshika, wingu halionekani, na mvua ya mwisho ninayoikumbuka ilikuwa ya vuli, tena ya kudanganya.

Nataka uzi huu uwe wa sisi tunaopanda mboga nyumbani msimu wa joto. Wakulima wa ekari wana nyuzi zao. Mwenye kiwanda, mwenye paa, mwenye kibaraza cha madebe matatu, karibu.

Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe, na kiwanda chake ni kidogo: hatua 9 kwa 7. Jua linaingia mle saa nne, likifika saa nane ukuta wa jirani umeshalichukua. Juu ya paa ni jua kutwa. Vyombo vyangu ni madebe 8 ya mafuta ya kupikia, ndoo 6 za rangi, mitungi 2 ya udongo iliyovunjika shingo, na beseni la marehemu bibi lililotoboka, ambalo mama hataki nilitupe wala nilitumie, basi nimelitumia bila kumwambia.

Naanza na aibu zangu ili na nyie msione haya kusema zenu.

Mwaka jana nilipanda kama mtu wa bara. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi baada ya miaka 11, nikaja na mbegu za dania, letasi na karoti. Dania ilipofika urefu wa kidole ikatoa maua. Letasi ilirefuka kama mnara, na ukiitafuna ni mwarobaini. Karoti sizitaji.

Halafu mbolea. Hapa kwetu punda ndio magari, kwa hiyo samadi si ya kununua, ni ya kuokota na kushukuriwa juu. Nikakusanya magunia mawili mabichi, nikachanganya na mchanga na kupanda siku ile ile. Wiki ya pili kila debe lilikuwa malisho. Mzee mmoja mwenye punda aliponiona nang'oa nyasi alicheka mpaka akakaa kitako: "Mwanangu, punda si ng'ombe. Hacheui. Mbegu anazokula zinatoka nzima, na mbolea yake zimeshajibebea." Sasa narundika kwenye kona, namwagia maji, nafunika turubai, nageuza kila Ijumaa. Wiki za mwanzo ukitia mkono katikati ya rundo unautoa mbio kwa moto. Baada ya miezi miwili hivi linakuwa jeusi, na harufu yake ni ya udongo ulionyeshewa. Hilo ndilo natumia.

Ya tatu ndiyo imenileta hapa. Maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, kwa hiyo nachota kisima chetu. Msimu huu kina chumvi. Kuoga unaoga, ila ukipikia chai unaijua. Kwenye ukingo wa madebe pameota kitu cheupe kama unga wa mchele, na majani ya mnanaa yanaungua pembeni tu, katikati ni mabichi. Nilidhani ni jua, nikaongeza maji. Yakazidi kuungua.

Mwaka huu nimepanda, tarehe 4: mchicha, kunde za majani, bamia, mrehani, spinachi, pilipili mbuzi na huo mnanaa mgonjwa. Hesabu yangu ni Ramadhani. Mwezi ukiandama tarehe 18 au 19 Februari, mchicha na kunde nitakuwa nimeshavuna, na bamia siku zake ni kama 50 hadi 60, yaani kumi la kwanza au la pili.

Na jikoni? Mimi nimeapa kuwasha moto mara moja tu kwa siku, baada ya alasiri, uani. Muhogo na mbaazi za kesho nachemsha jioni ya leo. Mchana tunakula vya baridi: muhogo, kachumbari ya embe bichi, kipande cha ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) kilichochomwa jana yake, na maji ya ukwaju. Kaka yangu analalamika kwamba hicho si chakula, ni daku. Lakini anamaliza.

Nawasikiliza. Na mwenye dawa ya paka aseme. Paka wa Lamu wameona madebe yangu ni choo.

Fundi wa Visima

Waalaykum salaam dada. Hilo si jua, ni chumvi, na maji uliyoongeza ndiyo yaliyoileta.

Mimi kazi yangu ni kuchimba na kuzibua visima, Lamu hadi Kipini. Chini ya kisiwa hakuna mto. Kuna maji ya mvua yaliyozama mchangani, nayo yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Ndiyo maana mji unakunywa visima vya Shela: vile vilima vya mchanga vinanyonya mvua na kuiweka. Sasa sikiliza hesabu yake. Maji matamu yakisimama futi 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yana kina cha kama futi 40. Ni vizuri, lakini kinyume chake pia ni kweli: ukiyashusha futi 1 kwa kuyavuta, baada ya muda chumvi inapanda kama futi 40. Mwenye kisima cha kamba na ndoo anaiba kidogo kidogo, hakidhuru sana. Mwenye pampu anaita bahari ije nyumbani. Na kaskazi hakuna mvua ya kurudishia, kwa hiyo Machi ndipo visima vingi vinakuwa na chumvi kuliko mwezi wowote.

Kwenye debe ni hivi. Unamwagia kikombe, jua linanyonya maji, chumvi inabaki. Kesho kikombe kingine, chumvi juu ya chumvi. Wiki tatu unapanda kwenye ng'onda.

Acha vikombe. Mwagilia mara moja jioni, mengi, mpaka yatoke chini. Yakitoka yanachukua chumvi. Kila wiki mbili, zamu ya mfereji ikija, mimina maji matamu ndoo nzima kwa debe moja, lioshe kama unaosha mchele. Na kagua matundu. Debe lisilo na tundu ni kaburi.

Ile mitungi iliyovunjika shingo usipande kitu ndani. Izike mpaka mdomoni kwenye kitalu cha kiwandani, jaza maji matamu, funika kwa kifuu ili mbu wasiingie. Udongo wa kuchomwa usiopakwa rangi unavuja polepole, na mizizi inaufuata unyevu yenyewe. Panda kunde kuzunguka. Utajaza mara mbili kwa wiki badala ya kila siku.

Kaka Msabaha

Niko huku Msabaha, njia ya Malindi kwenda Gede. Sisi tuna ardhi kubwa kidogo kuliko nyie, na kima wengi zaidi. Embe zangu za boribo nimevuna nusu, nusu nyingine wamevuna wao, tena wanauma moja moja na kutupa. Ukikutana na kima aliyeshiba utadhani ni mnunuzi wa soko kubwa.

Fundi amesema kweli. Naongeza upande wa mimea. Si kila mboga inaichukia chumvi sawa. Maharage na vitunguu haviwezi kabisa, mnanaa nao ni mwepesi kufa. Lakini hiyo spinachi tunayolima Kenya, ile ya shina nene jeupe, ni ndugu wa kiazi sukari, na asili ya ukoo wao ni mmea wa mwitu wa ufukweni. Chumvi kidogo kwake ni nyumbani. Mwagie spinachi maji ya kisima, na ya mfereji mwekee mnanaa.

Tandaza juu ya udongo: majani makavu, nyasi, makumbi ya nazi yaliyochanwa. Mchana weka kidole chini ya tandazo, halafu weka pale palipo wazi, hutahitaji kushawishiwa tena.

Ila kwa makumbi nina aibu yangu. Mwaka juzi nilipewa bure kiroba cha usumba, laini, umeshapondwa, nikafurahi sana nikajaza vitalu vya miche ya pilipili. Miche 60 ikafa kwa siku kumi. Ulikuwa usumba wa kusukia kamba, ule unaofukiwa pwani kwenye tope miezi na miezi mpaka uoze. Una bahari nzima ndani yake. Makumbi ya kutandaza chukua yale yaliyofuliwa shambani leo. Yakitoka pwani, yaloweke kwenye maji matamu, uyamwage, uyaloweke tena, na kwa maji ya msimu huu bora uyaache tu.

Paka: miiba ya mlimau. Kata vitawi, vichomeke wima kila baada ya vidole vinne. Paka anataka mahali pa kuchuchumaa.

Hesabu Kali

Mimi nitaonekana mbaya lakini acha niseme. Fungu la mchicha sokoni napata kwa shilingi 20. Dada ana madebe, turubai, magunia, ndoo za maji anazopandisha ngazini kila jioni, na mwaka jana hakula kitu. Ukipiga hesabu ya jasho lake, huo mchicha ni ghali kuliko nguru. Watu wa Mpeketoni na Hindi wanalima vizuri, boti inavuka kutoka Mokowe kila siku, na sisi tuwape riziki. Kiwanda kiwe cha kupumzikia.

MwanaLangoni

@Hesabu Kali kwa mchicha umenishinda, sibishi. Lakini hebu niuzie mnanaa wa shilingi ngapi saa tatu usiku, wakati wageni wamekuja na mimi nataka majani sita tu? Mrehani je? Mboga ya majani ikivuka na boti saa nne kwenye jua hili, ikifika jioni jikoni imeshalala. Naweza kununua vitunguu, viazi, nyanya, kabichi. Jani nataka la mkononi.

Na kupandisha maji ngazini ni mazoezi. Nimesema hivyo ili mama akisoma aache kunisema.

@Fundi Allah akulipe. Nimegeuza madebe yote jana. Matatu hayakuwa na tundu hata moja. Moja ni la mnanaa.

Bi Mkubwa wa Mkomani

(Aandika mjukuu wake, namnukuu kama asemavyo, kwa Kiamu: mai ni maji, yua ni jua, mtele ni mchele, mtanga ni mchanga.)

Wanangu, zamani kiwanda hakikuwa cha mboga. Mboga zalitoka shamba juu ya punda. Kiwanda chalikuwa mahali pa harufu: asumini, mrehani, kilua, na mkomamanga mmoya kwenye pembe. Mai ya kumwagia yalikuwa ni yale yaliyokwisha kuosha mtele na kuosha mboga, hakuna aliyemwaga mai ya kisima mazima mazima. Yua la kaskazi si la kuteza nalo. Mmea mtanga uwekee kuti upande wa magharibi, yua la alasiri ndilo liuwalo.

(Mjukuu: bibi ana asumini mbili kwenye mitungi mikubwa. Saa kumi na moja hivi jioni ananituma nichume vile vichwa vilivyofura lakini havijafunguka. Ukichelewa mpaka isha vimeshafunguka kwenye mti na harufu imekwenda kwa majirani. Vikichumwa mapema vinafungukia ndani, kwenye sahani yenye maji kidogo, na chumba kizima kinanukia mpaka alfajiri. Akiwa na mrehani na kadi (ua la mkadi) anafunga kikuba, kile kishada cha kunukia. Anasema mwenye mrehani bora asiuache utoe maua mengi, akate vichwa, unapanuka.)

Na chakula cha kaskazi ni samaki. Bahari yatulia, vyombo vyatoka, samaki wapatikana mpaka paka wachagua. Mwenye kula kuku kaskazi ana lake.

Dada wa Shela

Shela ya Malindi, si ya Lamu, kabla hamjaniuliza nyumba ipo karibu na hoteli gani.

Nina swali la nyanya. Miche 12, imekua mpaka inanifika kiunoni, majani mazuri, maua kila tawi. Na tunda hakuna. Maua yanakauka kwenye kikonyo na kudondoka. Nimemwagia, nimetia samadi, nimemuuliza jirani akaniambia ni jicho. Nisaidieni.

Kaka Msabaha

Dada, jirani asamehewe. Ni usiku.

Nyanya mchana wa joto inauvumilia kiasi. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi, chavua haifanyi kazi, ua halifungi tunda, linaanguka. Sasa wewe uliyelala Malindi wiki hii, usiku gani ulitaka shuka? Samadi uliyoongeza imefanya majani tu. Usiing'oe yote. Zile nyanya ndogo ndogo kama zabibu zinastahimili zaidi, unaweza kupata chache. Lakini mwakani otesha miche mwishoni mwa masika, itoe maua Julai na Agosti, kusi ikivuma na usiku umepoa. Utagawa mpaka watu wakukimbie.

Kaskazi panda vinavyolipenda joto. Bamia, kunde, mchicha, matembele, mrehani, muhogo kama una nafasi. Na usisahau mronge ukutani. Tawi tu ulichomeke, litaota. Majani unapika kwa nazi, na unavuna mwaka mzima.

Kwetu hapa msimu huu ni wa mabibo pia. Watoto midomo yote rangi ya kahawia na mashati yameharibika, maana doa la bibo halitoki. Korosho tunachoma nje, mbali na nyumba, kwenye karai bovu lililotobolewa. Yale mafuta ya ganda yanababua ngozi na moshi wake si wa kuvuta. Usijaribu hili kiwandani Langoni, majirani watakuja na polisi.

Muuguzi wa Zamu

Naomba mnisikilize dakika moja kabla hamjarudi kwenye mapishi. Ndoo, madebe, visahani vya chini ya mitungi, mitungi ya akiba. Mnajua mnafuga nini?

Mwaka 2004 chikungunya ililipuka hapa Lamu, na baada ya hapo ikapatikana Mombasa na kisha visiwa vya Bahari ya Hindi. Watu walipopimwa damu Oktoba ule hapa kisiwani, watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame. Mvua haikuwepo, lakini watu waliweka maji ndani kwa sababu hayapatikani, na mbu mwenyewe, yule mwenye madoa meupe miguuni, anazaa kwenye maji safi yaliyosimama nyumbani na anauma mchana. Jina la ugonjwa ni la Kimakonde, kujikunja. Waliougua hawahitaji tafsiri. Dengi inaletwa na mbu huyo huyo.

Kwa hiyo: visahani vya chini ya mitungi tupeni, au mwageni kila siku ya tatu. Pipa la akiba lifunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kamba. Birika lisilofunikika litieni samaki wadogo, kama wazee walivyoweka kwenye mabirika ya misikiti. Hawakuweka kwa mapambo.

Haya, rudini kwenye nazi.

MwanaLangoni

Ahsante sana muuguzi. Nimeshuka na tochi muda huu huu. Kwenye ndoo moja ya nyuma kulikuwa na viluwiluwi vinacheza kama nukta. Nimemwaga. Mikono inanitetemeka kidogo, 2004 nilikuwa mtoto na nakumbuka baba alivyoshuka ngazi kwa makalio wiki nzima.

TangaRaha

Habari za huko jamani, natokea Tanga. Mmetaja matembele mkapita, na hamjasema yanavyopikwa.

Kupanda ni bure. Kata mche wa kiazi kitamu wenye vifundo vitano sita, laza chini, zika vifundo vitatu, mwagilia wiki ya kwanza. Baadaye unachuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo unavyopata.

Kupika: chuma ncha laini, osha nzima nzima kabla ya kukata. Kuna nazi kwa mbuzi, kamua tui zito weka kando, kamua tui la pili. Kaanga kitunguu na nyanya moja kwa mafuta kidogo, tia tui la pili, likichemka tia matembele. USIFUNIKE. Ukifunika yanageuka rangi ya shati la askari. Dakika sita saba, koroga. Tia tui zito mwishoni, kipande cha ndimu, chumvi, pilipili nzima isiyopasuka, epua likianza kutokota. Moto umewaka robo saa tu, ugali au wali unaupata wa jana. Huu ndio upishi wa joto.

Mkaazi wa Ghorofani

Mimi niko Nairobi kwa hiyo sina haki ya kulalamikia joto, ila nauliza ile kachumbari ya embe bichi. Na achari. Mama mkwe ni wa Malindi na kila nikimwuliza vipimo ananiambia "weka mpaka utosheke".

MwanaLangoni

Mama mkwe wako kasema kweli, ila nitajaribu.

Kachumbari: embe bichi kabisa, gumu, likigongwa linalia. Lile lililoanza njano ndani waachie watoto. Menya, paruza au kata nyembamba kama njiti za kiberiti. Chumvi kwanza, fikicha kwa vidole mpaka litoe maji kidogo, ndipo utie kitunguu, pilipili mbuzi iliyokatwa ndogo, na mrehani kama unao. Ndimu haihitajiki, embe lenyewe ni ndimu. Kaa nayo dakika kumi. Ukila na samaki wa kuchoma utanikumbuka.

Achari ya mama: embe 10 bichi, menya, kata vipande vya kidole, chumvi vijiko vitatu vya chakula, yaache usiku kucha. Asubuhi chuja yale maji, tandaza vipande kwenye sinia, funika kwa wavu, peleka juu ya paa. Siku 2 za kaskazi zinatosha. Vipande vinajikunja na ukikamata ni kama ngozi laini. Halafu kwenye sufuria: kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili nyekundu kavu, bizari kidogo, siki kikombe, sukari... hapa ndipo pa "mpaka utosheke". Mama anatia kikombe na nusu, mimi naona kimoja kingetosha, na hatujaafikiana tangu nirudi. Chemsha mpaka ianze kunata, tia vipande, geuza, epua. Chupa ikauke vizuri. Tone la maji likibaki, ukungu utaingia.

MwanaLangoni, Jumapili 8 Februari

Taarifa. Mchicha nimevuna mara mbili. Hesabu Kali, thamani ya sokoni ni kama shilingi 120, umefurahi?

Kunde zilizozunguka mtungi uliozikwa zimewaacha mbali wenzao wa kwenye madebe, na maji nimejaza mara mbili kwa wiki kama fundi alivyosema. Spinachi inakunywa maji ya kisima bila kelele. Mnanaa mmoja ulikufa. Wa pili umetoa majani mapya baada ya kuoshwa debe, madogo, lakini pembeni hayajaungua. Paka mmoja ameketi juu ya ukuta anaitazama miiba ya mlimau kwa chuki.

Kibaya: vidukari kwenye bamia, weusi, chini ya majani. Nimetwanga majani ya mwarobaini, nikayaloweka usiku, nikachuja, nikatia povu kidogo la sabuni ya kipande, nikanyunyiza magharibi. Imebidi nirudie mara tatu. Wamepungua, hawajaisha. Sisimizi ndio wanaowachunga kama ng'ombe, nimewatilia majivu.

MwanaLangoni, Jumapili 1 Machi

Ramadhani karim. Tuko kumi la pili.

Leo alfajiri baada ya daku nilipanda juu ya paa. Ua la bamia linafunguka asubuhi moja tu: njano ya maziwa, katikati jekundu la zambarau karibu jeusi. Ukija alasiri limeshajifunga kama mwavuli ulioloa. Siku ya tano baada ya ua ndiyo siku ya kuchuma. Ukipitiliza unatafuna kamba. Nimechuma 7. Saba! Kwa watu watano.

Nikaziosha nzima, nikazikausha moja moja kwa kitambaa, ndipo nikakata (mkikata kwanza ndipo mkaosha, mlenda ni haki yenu). Nimezikaanga kavu na kitunguu, chumvi, na matone ya ndimu mwishoni. Zilikaa kwenye kisahani cha chai katikati ya sinia, kati ya mbaazi za nazi, mkate wa sinia na tambi. Kila mtu akachukua moja kwa adabu kubwa. Mbili zikabaki, zikatazamwa. Kaka, yule wa daku, akazimaliza.

Mrehani umekuwa kichaka. Nimekata vichwa kama Bi Mkubwa alivyosema, nimetia vitawi kwenye glasi ya maji dirishani, vina mizizi tayari, vyeupe, virefu kama kucha. Vipo 9. Anayetaka aje.

Bi Mkubwa wa Mkomani

(Mjukuu: bibi anataka viwili, na anauliza je, ni mrehani wenye shina jekundu? Kama ni wa kijani tu anao.)

MwanaLangoni

Shikamoo bibi. Ni wa shina jekundu. Nitavileta mwenyewe baada ya tarawehe.

Hesabu Kali

Nimehesabu. Vikibaki saba, kimoja bei gani?

MwanaLangoni

Njoo na debe lako. Lenye tundu.